Tuachieni kipande cha pwani tupige hema

Disemba iliyopita, skuli zilipofungwa, tulipakia hema garini tukaenda kulala pwani hapa Unguja, si mbali na Mji wa Zanzibar. Watu wazima wanne, watoto sita. Wali tulishaupika nyumbani, samaki tumewatia ndimu na pilipili, seredani ya makaa imo kwenye buti. Watoto walicheza mpaka wakachoka, tukala, tukasali Isha palepale mchangani juu ya jamvi. Saa nne za usiku wote wameshalala, akaja mlinzi wa hoteli ya jirani na tochi. Kijana mwenye adabu; alitoa salamu kwanza, akamwita mume wangu "mzee". Akasema ametumwa atuondoe, maana wageni wameuona moto wetu na wanauliza kuna nini. Mahali pale hapakuwa na ukuta wala kibao cha kukataza. Tulikunja hema gizani, watoto tukawabeba na usingizi wao mpaka garini. Niliona haya kama mtu aliyekamatwa shambani kwa watu.

Tangu siku ile nimezungumza na watu wengi, na wengi wamenijibu neno moja: kulala hemani ni mambo ya wazungu, nyinyi mna nyumba yenu, mnatafuta nini pwani? Jawabu hilo linaniuma kuliko kule kufukuzwa, kwa sababu si kweli.

Mimi ni mtoto wa mvuvi wa Wesha, Pemba. Baba yangu na ndugu zake walikuwa wakienda dago kisiwani Misali kila mwaka, na walioishi karibu na bahari hawana haja ya kuelezwa dago ni nini. Wavuvi wanahama na ngalawa zao, mishipi, madema, gunia la unga, muhogo, sufuria na mapipa ya maji ya kunywa. Wakifika wanajenga vibanda vya makuti au wanatandaza tanga juu ya miti miwili, wanavua, wanakausha samaki, wanalala hapo siku nyingi. Kuondoka wanahesabu mwezi, kurudi wanahesabu mwezi. Misali haina mji wala kijiji. Ina msitu, pwani wanakotaga kasa, na wavuvi wanaokuja na kuondoka. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alipofika Pemba aliomba msala, yaani mkeka wa kusalia, akakosa, akasema basi kisiwa kile kilichoelekea kibla ndicho kitakuwa msala wake. Watu waliosimuliana habari hiyo kando ya moto, wamelala juu ya mchanga na tanga kichwani, leo wajukuu zao wanaambiwa kulala pwani ni uzungu!

Sisi wanawake wa ukoo wetu dago hatukwenda. Tulibaki Wesha tukisubiri, nami utotoni nililia kila ngalawa ilipoondoka. Nadhani ndiyo maana nilinunua hema nilipopata uwezo.

Miaka miwili nyuma nilimtembelea wifi yangu Mwanza, tukaenda kulala kando ya Ziwa Victoria, mahali palipotengwa maalumu, karibu kiasi kwamba taa za jiji tulikuwa tunaziona. Palikuwa na choo, bomba la maji, mlinzi, na bei ya usiku imebandikwa mlangoni. Walikuwapo wageni wenye magari ya kulala, yale yenye kitanda na jiko ndani, waliokuwa wakiizunguka Afrika. Lakini waliojaa zaidi ni Watanzania kwa mahema, akina mama na watoto wao. Hapo nikasema: kumbe inawezekana.

Ziwa lina mambo yake. Maji yake hayapwi wala hayajai kama yetu, kwa hiyo jioni unayaacha pale na asubuhi unayakuta palepale. Ila huweki hema ukingoni, kwa sababu viboko hutoka usiku kula majani, na maji yenyewe unayaogopa kwa kichocho. Kwetu hakuna kiboko. Sisi tuna bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku za bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 4, na anayelala bila kuutazama mstari wa mwani mkavu ataamka godoro linaelea. Ami yangu ndiye aliyenifundisha: "Mwanangu, usimwulize mtu maji yanafika wapi, uulize mchanga." Akanifundisha pia kwamba kigingi hakishiki mchangani, unajaza mchanga kwenye kipolo, yaani kigunia, unafunga kamba, unakifukia. Na usilale chini ya mnazi hata ukiwa na kivuli kizuri namna gani. Mvinje ni salama zaidi.

Ninachoomba ni kidogo. Kipande cha pwani karibu na Mji, upande wa Fumba au Unguja Ukuu, ambako mtu anafika kwa daladala, kitengwe kwa ajili ya wananchi kulala hemani kwa ada ndogo. Magari ya kulala siyatamani. Unguja unaivuka kutoka ncha hadi ncha asubuhi moja, gari la namna hiyo utalipeleka wapi? Tena magari yale yana tangi la maji machafu ambalo lazima limwagwe mahali, na sehemu kubwa ya kisiwa chetu ni mwamba wa matumbawe wenye matundu. Kinachomwagwa juu hakikawii kufika kwenye maji ya visima. Kwa sababu hiyohiyo choo kizuri kiwe cha kwanza kujengwa, kabla hata ya lango. Mwanamke hawezi kulala pwani bila choo na mahali pa stara pa kuogea, na eneo lisilo na hayo litarudi kuwa dago la wanaume tu. Kuni zisikatwe, mikoko isiguswe, kila mtu aje na seredani yake na aondoke na taka zake. Na pale kasa wanapotaga, taa zizimwe na mahema yasiwepo, kwa sababu vifaranga wakitoka kwenye mayai hufuata mwanga na huipotea bahari.

Nimeambiwa ardhi ya pwani ni ghali, itengwe bure kwa nani? Tangu Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na sheria ya mwaka 1992 inasema hivyo hivyo. Kukodisha kwa mwekezaji ni uamuzi, na kuwabakishia wananchi kipande nao ni uamuzi. Bustani ya Forodhani, pwani ya Mji, ni mfano ulio mbele ya macho yetu. Bustani ile ilikarabatiwa na Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009, na kila jioni unakuta familia za Mji zimekaa pale na urojo wao pamoja na wageni, hakuna anayemuuliza mwenzake amefuata nini. Mwaka 2012 hapa Zanzibar tulihesabiwa watu 1,303,569. Mwaka 2022 tukawa 1,889,773. Watoto wanazaliwa katika nyumba za Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, zisizo na uwanja, na pwani inafungwa kiwanja baada ya kiwanja. Tukingoja miaka kumi mingine hakutakuwa na cha kutenga.

Hema letu limo juu ya kabati, bado lina mchanga wa usiku ule. Sijalipangusa. Ami amezeeka, bahari ameiacha, lakini nilipompigia simu kumweleza alinyamaza kidogo, halafu akasema pakipatikana mahali atapanda boti kutoka Pemba aje mwenyewe atuoneshe pa kulisimamisha.