Wanafunzi wa Kompyuta Wafundishwe Pia Kusoma Kazi ya Waliowatangulia

Katika chama cha ushirika cha wafugaji nyuki ninachokihudumia hapa Tabora, asali inapopokelewa kijijini huandikwa kwa lita, kwa kuwa vituo vingi havina mizani, lakini mfugaji hulipwa kwa kilo. Asali ni nzito kuliko maji, na ndoo ya lita 20 hutoa kilo 28 hivi. Ndiyo maana ndani ya programu inayopiga hesabu za malipo imo namba 1.4, ambayo aliyeiweka miaka mingi iliyopita hakuiachia hata neno moja la maelezo.

Msimu uliopita nilimpokea mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyekuja kwa mafunzo ya vitendo. Ni kijana hodari, na msimbo wake, yaani maagizo anayoiandikia kompyuta, ni safi kuliko wa watu wengi waliokwisha ajiriwa. Siku ya pili aliiona ile namba, hakujua inatoka wapi, akaifuta. Programu iliendelea kufanya kazi bila kuonyesha kosa lolote. Ijumaa mzee mmoja wa upande wa Sikonge alisimama dirishani na stakabadhi yake mkononi, akapokea shikamoo ya yule kijana, kisha akasema kwa upole, “Mjukuu wangu, ndoo zangu ni tano kama mwaka jana. Mwaka jana mliandika kilo mia na arobaini. Mbona leo ni mia?” Tuliirudisha namba mchana ule ule, na wiki iliyofuata tukawalipa watu kumi na mmoja fedha walizopunjwa.

Lawama si ya kijana peke yake, maana mimi niliyapitisha mabadiliko yake bila kuyasoma. Lakini nilipomuuliza kama amewahi kupewa programu ya mtu mwingine aisome na kueleza inafanya nini, alifikiri kidogo, akanijibu, “Hapana, kaka. Chuoni kila kitu tunakianza wenyewe.”

Jibu hilo nimelisikia kwa karibu kila mwanafunzi niliyempokea, na ndilo linalonisukuma kuandika. Vyuo vyetu vinafundisha sayansi ya kompyuta na uhandisi wa programu kana kwamba kila mhitimu atakuta uwanja mtupu. Kwa miaka mitatu au minne mwanafunzi huandika programu mpya, hupata alama, kisha huiacha. Mradi wa mwaka wa mwisho huwasilishwa mbele ya jopo, ripoti hutiwa jalada gumu na kuwekwa rafuni, na mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine huanza mfumo unaofanana nao kutoka sifuri. Kazini mambo ni kinyume: sehemu kubwa ya siku hupita katika kusoma kilichoandikwa na mtu aliyekwisha ondoka, na kukirekebisha pasipo kuharibu kingine. Fundi baiskeli yeyote wa mjini hapa humwanzisha mwanafunzi wake kwa kufungua baiskeli iliyochakaa, na hakuna anayeona kwamba huo ni ufundi wa daraja la chini.

Madhara ya kutosoma kazi ya zamani hayaishii kwenye ndoo za asali. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya ya Ariane 5 iliharibika angani yapata sekunde 40 baada ya kuruka, kwa sababu sehemu ya programu iliyochukuliwa kutoka Ariane 4 ilipokea namba kubwa kuliko nafasi iliyotengewa. Kwenye roketi ya zamani namba hiyo haikuwahi kufikia ukubwa ule. Mwaka 1999 chombo cha anga cha Marekani kilichotumwa sayari ya Mars, Mars Climate Orbiter, kilipotea kwa kosa ambalo karani wetu wa asali angelielewa mara moja: programu moja ilitoa vipimo vya Kiingereza, nyingine ikavipokea kama vipimo vya metriki.

Pendekezo langu ni kwamba mradi wa mwaka wa mwisho urithiwe. Darasa la mwaka huu lipokee mifumo ya darasa lililopita, liisome, liandike majaribio ya kuthibitisha kwamba inafanya kazi, liongeze kitu kimoja chenye manufaa, na lipewe alama pia kwa kile ambalo halikukivunja. Najua wahadhiri watauliza watajuaje nani kaandika nini, na swali hilo ni la haki kwa mtu mwenye darasa kubwa la kusahihisha. Git, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko pamoja na jina na tarehe, na historia hiyo humwonyesha mhadhiri mwenendo wa kazi vizuri kuliko ripoti iliyojaladiwa. Ningependa pia maelezo ya ndani ya programu yaandikwe kwa Kiswahili pale ambapo watakaoitunza ni watu wa hapa, hata kama darasani somo linafundishwa kwa Kiingereza.

Kabla ya kuondoka, yule kijana aliandika mistari mitatu ya Kiswahili juu ya ile 1.4, akieleza ndoo, lita na kilo. Akaongeza jaribio linalozuia programu isitumike iwapo lita 20 hazitoi kilo 28. Alipata pia makosa mengine mawili ya zamani ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyaona. Aliporudi chuoni aliomba kazi hiyo iwe mradi wake wa mwisho, akaambiwa kwamba mradi sharti uwe mfumo mpya. Ninawaomba wanaoidhinisha mada za miradi walifikirie upya jibu hilo kabla ya mwaka ujao wa masomo.