Faili Ghafi au JPEG: Ubishi wa Wapiga Picha wa Harusi Mombasa

Wapiga picha wa harusi hapa Mombasa wana ubishi usiokwisha: je, kila picha ihifadhiwe kama faili ghafi, yaani data ya kihisi (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) kabla kamera haijaipika, au JPEG, picha ambayo kamera imekwisha kuipika na kuibana, inatosha? Watetezi wa faili ghafi huanza na hesabu. JPEG ina biti 8 kwa kila moja ya rangi tatu za msingi, sawa na viwango 256 vya mwangaza, ilhali faili ghafi ya biti 14 ina viwango 16,384. Hesabu ni sahihi, lakini kwangu hiyo ndiyo hoja yao dhaifu kuliko zote, kwa kuwa picha nyingi huishia kwenye WhatsApp, zikiwa zimebanwa tena kuwa JPEG.

Hoja yenye uzito iko kwenye mgawanyo wa viwango hivyo. Mtazame bwana harusi akitoka msikitini Mji wa Kale saa saba mchana, joho jeusi lenye nakshi za dhahabu juu ya kanzu nyeupe, na nyuma yake ukuta wa chokaa unaometa. Kihisi huhesabu mwanga kwa uwiano wa moja kwa moja. Kwa hiyo, katika biti 14, nusu nzima ya viwango, 8,192, huangukia sehemu angavu kabisa, na kila mwanga unapopungua kwa nusu viwango navyo hupungua kwa nusu, hadi hatua ya sita hubaki 256. Joho limo huko chini. Ukiinua kivuli chake kwenye faili ghafi, nakshi hujitokeza. Ukifanya hivyo kwenye JPEG, ambayo kamera imekwisha kuamua ni vivuli gani vya kutupwa, mara nyingi unapata weusi wenye mabaka.

Vivyo hivyo ukumbini, ambako taa za manjano huchanganyika na za zambarau za jukwaani: katika faili ghafi mizani ya weupe, yaani marekebisho ya kufanya nyeupe ionekane nyeupe chini ya taa zilizopo, ni maelezo tu yanayobadilika bila hasara, lakini katika JPEG imeshakolea ndani ya rangi zenyewe.

Hata hivyo, wa upande wa pili hawasemi ovyo. Faili ya megapikseli 24 yenye biti 14, isipobanwa, hufikia takriban megabaiti 42, na familia inataka picha asubuhi yake. Tena, ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga, ikipandishwa sana ukumbini, biti za mwisho hujaa chengachenga tupu, hivyo biti 14 hazina faida kubwa kuliko 12. Na kanzu iliyoungua kwa mwanga uliozidi kwenye kihisi chenyewe hairudi kwa programu yoyote, jambo ambalo wapenzi wa faili ghafi (wengine wavivu wa kupima mwanga, tuseme kweli) hulisahau.

Kwa picha za makundi kwenye kivuli tulivu, JPEG iliyopimwa vyema inatosha, na sioni sababu ya kumtwisha mtu saa za uhariri. Kwa jua la mchana na kwa ukumbi, nasimama na faili ghafi. Kamera nyingi huhifadhi zote mbili kwa pamoja: JPEG zipelekwe kwa familia mapema, na faili ghafi zisifutwe hadi albamu ichapishwe.