Hasara za Masimulizi Tumezikariri, Wazee Hatujawauliza

Jumamosi niliyopanga kulala imeishia kwenye maktaba ya shule huku Maryland, Marekani, kwenye semina ya walimu, nikiitazama picha moja. Picha moja, jamani! Msichana mdogo amesimama mbele ya mashine ya kusokota nyuzi, kiwanda cha nguo, South Carolina, mwaka 1908. Tulikuwa walimu na wasaidizi wa walimu (mimi ni msaidizi, msinikuze), tumekaa kwa makundi. Mwezeshaji akauliza: mnaona nini? Tukajibu. Na nini kingine? Tukajibu tena. Nusu saa ikapita tukiwa kwenye picha ileile, nami nimeshashika kalamu tayari, maana kwa malezi yangu ya ualimu, mtu akishauliza mara ya tatu ujue sasa anatoa jibu mlinakili. Hakutoa. Akatugeuzia swali lingine: nani alipiga picha hii, na nani alimlipa?

Aliyepiga ni Lewis Hine. Waliomlipa ni kamati iliyokuwa ikipigania watoto wasiajiriwe viwandani, na picha zake zaidi ya 5,000 zimehifadhiwa Maktaba ya Bunge la Marekani. Basi mtoto ni wa kweli, mashine ni ya kweli, na bado picha imepigwa na mtu mwenye ajenda yake, tena ajenda njema. Hapo meza yetu ikawaka moto. Mmoja anasema ushahidi wa mwanaharakati haufai, mwingine anasema bila mwanaharakati tusingekuwa na ushahidi wowote. Tumeenda kula tunabishana, tumerudi tunabishana, na mpaka tunafunga hakuna aliyetuambia nani kashinda. Nilitoka pale nimeudhika. Nikiwa kwenye basi nikaanza kuzikumbuka semina zangu za nyumbani Tanzania, maudhi yakabadili uelekeo.

Mafunzo yenyewe ni ya kuwaandaa walimu wawasimamie watoto wanaoshiriki National History Day, mashindano ya utafiti wa historia kwa wanafunzi wa darasa la sita hadi la kumi na mbili. Yalianzia Cleveland mwaka 1974. Sasa watoto zaidi ya nusu milioni hushiriki kila mwaka na fainali ya taifa hufanyika mwezi Juni hapahapa Maryland, chuo kikuu cha College Park. Mtoto anachagua mada, anaitafiti kwa miezi, anaiwasilisha kwa insha, filamu, maonyesho, igizo au tovuti. Anaambatanisha maelezo ya maneno yasiyozidi 500 kuhusu alivyofanya utafiti, na orodha ya vyanzo aliyoigawa mafungu mawili, vya awali (vya wakati wa tukio lenyewe) na vya upili (vilivyoandikwa baadaye), kila kimoja na maelezo mafupi ya jinsi kilivyomsaidia.

Medali na makofi ya fainali hayajanigusa sana. Kilichonigusa ni kwamba kabla mwalimu hajakabidhiwa mtoto wa kumsimamia, yeye mwenyewe anafanyishwa utafiti. Anakalishwa na ushahidi usio na jibu mpaka atoe jasho. Siku mtoto atakapomwambia "mwalimu, vyanzo vyangu viwili vinapingana," hatashtuka, kwa kuwa yalishamkuta.

Sasa njoo kwetu. Nani kati yenu alipita kidato cha kwanza asiijue mada ya vyanzo vya historia? Masimulizi ya mdomo, maandishi, akiolojia, makumbusho, nyaraka, maeneo ya kihistoria, isimu. Faida na hasara za kila kimoja tulizikariri, tena kwa Kiingereza, na hata leo ukiniamsha usiku wa manane nitazitaja kwa mpangilio. Hasara ya masimulizi: wazee husahau. Nyingine: msimulizi hutia chumvi, hasa akimsifia mtawala. Mtoto anayaandika hayo kwenye mtihani, anapata vema zake zote, na maishani mwake hajawahi kumwuliza mzee yeyote chochote. Babu yuko nyumbani kakaa kivulini, anasahau taratibu bila hata kuulizwa.

Nimefundisha Historia na Kiswahili shule ya kata, wilaya ya Kongwa. Kongwa wengi wenu mnaijua kwa soko la mahindi la Kibaigwa. Lakini ndiko Waingereza walikokuja mwaka 1947 kulima karanga kwa pupa. Walibadili vifaru vya vita kuwa matrekta, kiangazi kikafika, udongo ukakaza kama tofali la kuchoma, majembe yakakatika, na kufikia 1951 mradi ukawa umezikwa. Mwaka 1964 palepale pakawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO, ANC, SWAPO, ZAPU, MPLA. Yaani historia ya ukoloni na historia ya ukombozi wa kusini mwa Afrika zimelala kwenye kata mbili tatu, na makaburi yapo. Wanafunzi wetu walikuwa wakiyapita wakienda kuchota maji. Wakirudi darasani wanaandika sababu sita za kuanguka kwa mradi wa karanga, zile sita za kwenye kijitabu cha kukaririshia, kama vile mradi ulifanyika sayari nyingine.

Msinielewe vibaya, mwalimu simlaumu. Mimi ni chaki, najua. Tulipokuwa chuoni tulifundishwa azimio la kazi, andalio la somo, namna ya kutengeneza zana kwa maboksi na manila. Tukaenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha, mkufunzi akakaa nyuma ya darasa na fomu yake. Hakuna siku tulipelekwa Nyaraka za Taifa pale Upanga tukaomba faili, tukalifungua, tukakuta barua ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza analalamika kuhusu kodi, tukaulizana: huyu anamwandikia nani, na anaficha nini? Sasa mtu ambaye hajawahi kufungua faili utamdai vipi amsimamie mtoto kwenye utafiti? Atafanya anachoweza. Ataandika ubaoni kichwa cha kazi mradi, atataja tarehe ya kukusanya, na watoto watakwenda steshenari, kijana wa steshenari atashusha kitu kutoka intaneti, ataprinti nakala arobaini zinazofanana hadi makosa ya herufi. Mwalimu atasahihisha. Kila mtu anajua, kila mtu kanyamaza.

Hapa najua nimeshaitwa majina. "Huyo ameota pembe." "Kapanda ndege juzi, leo anatufundisha kufundisha." Na yule wa kila mara: mkataa kwao ni mtumwa. Haya, nimewasikia. Naomba mnijibu swali moja basi. Mwaka 1968, miaka sita kabla ya hao wa Cleveland, wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walikwenda vijijini kusini kukusanya simulizi za Vita vya Majimaji, vile vya kumpinga Mjerumani, kwa wazee waliokuwa bado hai. Walihoji, wakaandika, wakalinganisha simulizi za kijiji hiki na kile. Kazi yao mpaka leo inatajwa na kila mtafiti wa Majimaji duniani, Wajerumani wenyewe wakiwemo. Je, hao walikuwa Wamarekani? Walikuwa vijana wetu, wakisimamiwa na walimu waliojua wanachokifanya, na masimulizi yakiheshimiwa kama ushahidi wakati vyuo vingi vya Ulaya bado vinasema Mwafrika hana historia kabla ya Mzungu kuja na kalamu. Hiki ninachokililia tulikuwa nacho. Tulikiacha chuo kikuu, hatukukishusha sekondari.

Kwa hiyo anayeniambia naleta mambo ya Wazungu, namrudishia kwa heshima zote: haya ni ya kwetu, nimeyakuta yakitunzwa na wengine, na kwa kweli inaniuma.

Tena huku si peponi. Mashindano haya ni ya hiari, shule nyingi hazishiriki kabisa. Zipo kazi za maonyesho ukizitazama tu unajua mzazi kakesha nazo, ingawa kanuni zinataka kazi iwe ya mtoto. Walimu wa huku nao wanalalamika: mitihani inayotisha shule ni ya hisabati na kusoma, historia inasogezwa pembeni. Kuna majimbo wanasiasa wanagombana kila mwaka mwalimu aseme nini kuhusu utumwa. Na watoto wa huku wakitaka kumpata shahidi aliye hai mara nyingi wanahangaika na barua pepe wiki nzima. Mtoto wa Songea anatoka nje ya geti la shule yuko kwenye mji ambako Wajerumani waliwanyonga mashujaa wa Majimaji Februari 1906, ambako Rais wa Ujerumani alikuja Novemba 2023 kuomba msamaha mbele ya wajukuu wa Nduna Songea Mbano, mmoja wa walionyongwa. Wajukuu hao wanaishi hapo. Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani 1954, liko Kalenga, mwendo mfupi tu kutoka Iringa mjini. Penye miti hapana wajenzi.

"Wenzetu wana maktaba." Kweli wanazo. Lakini kile nilichofanyishwa Jumamosi kilihitaji karatasi moja yenye picha. "Darasa langu lina watoto tisini." Hili nalipokea kwa mikono miwili, aliyewahi kusahihisha madaftari tisini hawezi kulibeza. Tisini hawafanyi miradi tisini. Wagawe watano watano unapata makundi kumi na nane, mada moja ya kata, kila kundi swali lake. Wengine barabara ilianza lini, wengine nani alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini na alitokea wapi, wengine nani alijenga darasa la kwanza la shule ya msingi. Hata hapo ni kazi nzito, sikatai, na mwalimu mmoja hawezi kuwasikiliza wote kwa siku moja. Ndiyo maana nasema afundishwe. Kupunguza swali kubwa liwe dogo ni ujuzi kamili, watu wanasomea. Mtoto akija na "nataka kutafiti Majimaji," mwalimu aliyeandaliwa atamrudisha mpaka abaki na "kwa nini kijiji chetu hakikupigana?" Swali la namna hiyo halina jibu steshenari.

Kuna na ujuzi mwingine ambao naona hausemwi kabisa: namna ya kumtuma mtoto kwa mzee. Huwezi kumwambia mwanafunzi nenda kahoji. Aanze na shikamoo, aeleze ametumwa na nani, aombe ruhusa ya kuandika au kurekodi kwa simu, asikatize, na akikuta mzee kaanza kulia kwa habari za kuhamishwa ajue kunyamaza. Akitoka hapo aandike usiku huohuo. Kisha aende kwa mzee wa pili ambaye hajaelewana na wa kwanza tangu enzi za ujamaa. Simulizi zitapishana, na hapo historia ndiyo imeanza! Mwalimu asiyeandaliwa atachagua ya mzee anayefanana na kitabu. Aliyeandaliwa atauliza lile swali la picha: huyu anasema haya kwa faida ya nani, na alikuwa amesimama wapi mambo yalipotokea?

Sasa posho. Nilijua tutafika. Semina isiyo na posho kwetu ni tusi, nami sitajifanya malaika, nimewahi kuchagua semina kwa kuangalia bahasha. Mwalimu anayekaa kilomita ishirini kutoka makao makuu ya wilaya lazima alipwe nauli na chakula, hilo halina mjadala, na anayesema walimu wajitolee ajitolee yeye kwanza. Ninachogombana nacho ni semina ambayo ukiondoa posho hakibaki kitu. Mwezeshaji anasoma slaidi, tunanakili, tunasaini, tunaondoka. Tangu 2005 tunaambiwa mtaala ni wa ujenzi wa umahiri, na tunaambiwa hivyo kwa mhadhara.

Na safari hii hatuna kisingizio. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili, kwa hiyo mtoto hahitaji kuhoji kwa Kigogo, kuwaza kwa Kiswahili, halafu kuandika kwa Kiingereza cha kuungaunga. MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ipo, walimu wanatakiwa kukutana shuleni kwao kujifunza pamoja. Vituo vya walimu vipo, hata kama vingine vimegeuka stoo. Mchukueni mwezeshaji mmoja anayejua nyaraka, mpeni walimu ishirini wa tarafa moja. Asubuhi ya kwanza wasome hati moja tu, barua au muhtasari wa kikao cha kijiji wa miaka ya sabini. Mchana watoke wawili wawili, kila jozi ihoji wazee wawili. Siku ya pili wakae na yaliyopishana, wabishane mpaka wachoke, na mwezeshaji asiwape jibu. Watamchukia. Mimi nilimchukia wa kwangu.

NECTA, wale wa Baraza la Mitihani, nao wangetenga alama chache kwa yale maelezo ya maneno 500, ya jinsi mtoto alivyotafuta, alikokwama na alichokiacha, steshenari zingekosa cha kuprinti. Maana kitu kisicho na alama kwetu hakifanyiki, na hilo nalo mnalijua kuliko mimi. Ila wakuu wa shule hawana haja ya kusubiri NECTA wala waraka. Barua moja kwa mtendaji wa kijiji, ruhusa ya wazazi, na Jumamosi moja isiyo ya twisheni zinatosha kuanzia.

Haya, nishambulieni. Ila anayetaka kunipinga aje na jina la mwalimu mkuu wa kwanza wa shule yake ya msingi, na aseme alilipata kwa nani.