Gari la familia zero kilomita: sifa za gari na lawama za huduma tusizichanganye

Ukimuuliza mtu aliyenunua Toyota Rumion au Suzuki Ertiga zero kilomita, yaani jipya kabisa, kwamba gari likoje, jibu linategemea umemkuta kwenye mwezi wa ngapi wa kulimiliki. Mwenye miezi mitatu atakusifia mafuta, AC, harufu ya siti mpya, na anavyolala bila kuwaza fundi. Mwenye miaka mitatu hata haongelei gari, anaongelea huduma: simu zisizopokelewa, spea inayosubiriwa, bei ya sevisi. Wote wawili wanasema kweli, ila wanajibu maswali tofauti, na anayetaka kununua anayajumlisha yote anatoka na "gari zuri" au "gari bovu", alafu anaenda kuweka hela zake zote pale.

Kwa ambao hawajayafuatilia, haya ni gari moja lenye nembo mbili. Ertiga ya kizazi hiki ilitoka 2018, Rumion ikaingia sokoni Afrika Kusini 2021, zote zinatengenezwa India kwenye viwanda vya Maruti Suzuki, injini ileile K15B ya cc 1462 yenye kama farasi 103, siti saba. Kwa mtu wa Dar au Nairobi anayetaka gari jipya kabisa la kubeba watoto, bibi na dada wa kazi bila kwenda kwenye bei za Fortuner, uchaguzi ni mchache na haya mawili lazima yatajwe.

Sifa zake ni za kweli. Mafuta linakunywa kidogo kwa gari la watu saba, kwenye foleni ya Mwenge au Thika Road hilo unaliona mfukoni kila wiki. Liko juu kama milimita 180, matuta ya mtaani unapita bila kukwangua chini. Siti ya kati wana AC yao juu kwenye dari na feni yao ya kuongeza na kupunguza, na yeyote aliyesafiri na watoto mchana wa Januari kutoka Dar kwenda Tanga anajua hiyo si anasa. Usukani mwepesi, hata aliyejifunza juzi anapaki.

Sasa lipakie. Watu saba wote wamekaa, siti za nyuma kabisa zimesimama, buti iliyobaki ni lita 153, yaani begi moja la maana na vifuko vya sokoni, basi. Ile safari ya Desemba ya kwenda Moshi na familia nzima na mizigo haiwezekani bila keria juu, na ukiweka keria yale mafuta uliyokuwa unasifia yanapanda. Alafu panda nalo mlima wa Kitonga likiwa limejaa, kwa ile oto ya gia nne, utasikia injini inalia na lori la mbele huwezi kulipita kwa kujiamini. Mi sioni kama hilo ni kosa la kiwanda, ni cc 1500 isiyo na tabo, fizikia ndo hiyo. Kosa ni la anayeuza akikwambia ni gari la safari ndefu la watu saba, wakati ni gari la mjini la watu watano ambalo siku mojamoja linabeba saba.

Usalama nauongelea kidogo kwa urefu kwa sababu maafisa mauzo hawauongelei kabisa. Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, waliipima Ertiga ya India 2019 ikapata nyota 3 kati ya 5. Wakairudia 2024 kwenye mpango wao wa magari ya Afrika, kwa vipimo vikali zaidi, ikapata nyota 1 kwa mtu mzima na nyota 2 kwa mtoto, na bodi la gari lenyewe wakasema si imara. Hii ni gari inayonunuliwa kwa ajili ya watoto! Kwa hiyo ukiwa shoruum uliza toleo unalouziwa lina airbagi ngapi, kuna isofiksi za kufungia kiti cha mtoto, na usikubali kujibiwa "ni mpya mzee, usiwe na wasiwasi".

Lakini anayekimbilia yadi za magari yaliyotumika au kuagiza Japani kwa hoja ya usalama naye atulie kwanza. Zile airbagi za Takata, zilizofanya dunia nzima irudishe magari kwa mamilioni na kampuni yenyewe ikafilisika 2017, shida yake ni kemikali ya kulipulia mfuko ambayo inaharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikilipuka inarusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Joto na unyevu wa miaka mingi, maana yake Dar, Tanga, Mombasa, Zanzibar. Baadhi ya Corolla, Vitz na Wish zimo kwenye orodha hizo, na gari linaweza kuondoka Japani kabla halijabadilishwa. Namba ya chasisi inatosha kuangalia, Toyota Japani wana ukurasa wa kutafutia, ila ni watu wangapi umewahi kuwasikia wakiliuliza hilo yadini? Wanauliza rimu na redio.

Upande wa spea ndo gari la Japani linapiga zero kilomita bila huruma. Sienta ya zamani ina injini 1NZ, ileile ya Ist, Raum, Fielder. Hakuna wilaya Tanzania utakosa fundi anayeijua, na ukienda Kariakoo au Ilala unachagua mpya, yuzdi au ya kuigiza, kila moja na bei yake, unaondoka nayo mkononi siku hiyohiyo. Noah hivyohivyo, ingawa ile yenye injini ya D4 mafundi wenyewe watakwambia uikwepe, inajaza kaboni na wachache wanaiweza. Wish za mwanzo zenye 1ZZ nazo baadhi zinakula oili. Hayo yote yanajulikana mtaani, yameshalipiwa gharama na waliotangulia, na ndo thamani yake hiyo.

Kuagiza nako kuna huduma kwa wateja yake na ina lawama zake. Kabla hujalipa unajibiwa hata saa sita usiku, picha hamsini, gari linaendeshwa kwenye video. Ukishatuma hela unaanza kuulizia wewe. Kinachokulinda pale ni karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani, na watu wengi wanaangalia gredi tu, 4 au 4.5, wameridhika. Tazama mchoro wa gari uliopo pembeni: A ni mkwaruzo, U ni palipobonyea, W ni palipowahi kunyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa, na gredi ikiandikwa R ujue gari lilishapata ajali likatengenezwa. Kilomita linganisha na za kwenye dashibodi likishafika, kuzirudisha nyuma ni mchezo wa zamani. Na usisahau kodi ya uchakavu ya TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, gari la miaka 8 mpaka 10 linaongezwa asilimia 15, likizidi 10 asilimia 30, juu ya ushuru wa asilimia 25 na VAT ya 18. Kenya wao walifunga mlango kabisa, likizidi miaka 8 haliingii, ndo maana Mkenya anaona bei ya yadi imeshasogelea ya jipya mapema kuliko sisi na hesabu zake ni tofauti na zetu.

Turudi kwenye huduma ya wanaouza mapya, maana hapa ndo penye moto. Shemeji yangu alinunua jipya, kampuni siitaji, na sevisi ya kilomita elfu kumi tulikaa tukaisoma ankara mstari kwa mstari. Oili, filta, washa ya kufungia oili, ukaguzi wa breki, sawa. Chini yake kemikali ya kusafisha njia ya mafuta na kusafisha throto. Tukafungua kitabu cha sevisi kilichokuja na gari, kwa kilomita hizo hivyo vitu havimo. Alipouliza wakavifuta bila ubishi wowote, na hilo ndo lililomuudhi zaidi, kwa sababu kama vilikuwa vinahitajika vingetetewa, na asiyeuliza analipa. Baadaye bodaboda ikamvunjia kioo cha pembeni, bima kubwa ipo, imekubali kulipa, lakini kioo chenyewe hakipo stoo, kinaagizwa nje. Akawa anaendesha na kioo kilichofungwa kwa selotepu huku kila akipiga simu anaunganishwa kwa mtu mwingine anayeanza kumuuliza namba ya gari upya.

Nimejaribu kuangalia na upande wa kampuni, kwa haki. Kujaza stoo vioo, bampa na taa za gari ambalo mmeuza machache ni kufungia hela kwenye shelfu, na spea halisi inalipiwa ushuru kama kila kitu. Fundi wao analipwa mshahara, ana mashine ya kupimia, ana mafunzo ya kiwanda, bei ya kazi haiwezi kulingana na ya chini ya mwembe. Hilo nalielewa na sina ugomvi nalo. Ninaloligomea ni ukimya. Kumwambia mteja kwamba spea itafika tarehe fulani, na ikichelewa kumpigia, hakuhitaji stoo wala meli.

Na wateja nao waranti hawaisomi. Kwa kawaida ni miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia, na inashikilia ukifanya sevisi kwao kwa wakati. Ukimpa fundi wa umeme wa mtaani akate waya afunge alamu na traka, siku mfumo wa umeme ukisumbua wana sababu ya kukukatalia, na mara nyingi wanakuwa sahihi. Pedi za breki, waipa, balbu haviko ndani. Shokapu iliyokufa kwa mashimo mtabishana. Nusu ya malalamiko ninayosikia yangeisha kama muuzaji angeyasema haya siku ya kukabidhi funguo, badala ya kupiga picha na utepe.

Msimamo wangu ni kwamba kwa familia inayoishi karibu na gereji ya kampuni, inayolikusudia gari kwa mizunguko ya mjini, na iliyotenga hela ya sevisi ya miaka mitatu kando ya bei ya gari, jipya lina maana, hasa kama nyumbani hakuna mtu wa kuzunguka na mafundi. Anayeishi Songea au Kigoma mimi ningempeleka kwenye Sienta yenye karatasi safi ya mnada, hata akiwa na hela ya jipya, kwa sababu waranti iliyo kilomita mia kadhaa kutoka nyumbani inakulazimu usafiri kwa oili tu.

Na kabla ya kusaini, usiishie kwenye testi draivu. Omba upelekwe kaunta ya spea, uliza vitu vitatu, bampa la mbele, taa ya mbele, kioo cha pembeni. Viko stoo? Bei? Kama havipo, vinachukua muda gani? Omba majibu kwa barua pepe. Ukishanunua tunza kila jobu kadi, ile karatasi ya kazi ya gereji, na mkikwama andika malalamiko kwa maandishi, Tanzania kuna FCC, Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya 2003, Kenya kuna sheria ya kulinda watumiaji ya 2012. Watu wanatumia nguvu nyingi kulalamika kwenye magrupu ya WhatsApp ambako meneja wa huduma hayupo, wakati barua moja yenye namba za jobu kadi na tarehe ulizoahidiwa ndiyo inayoweza kuwekwa mezani kwake ikadaiwa majibu.