Nyumba ya Kuletwa na Lori, Baridi ya Kwetu na Hesabu ya Boma

Julai iliyopita nililala kwenye kontena lililogeuzwa nyumba, shambani kwa rafiki yangu anayelima parachichi Njombe. Kwa nje lilivutia: rangi ya kijivu, dirisha la alumini, kibaraza cha mbao. Saa kumi alfajiri tone la maji likanidondokea shavuni, kisha la pili. Nikadhani mvua. Nikatoka na tochi, nikakuta mbingu kavu na nyota tele. Yale maji yalikuwa pumzi zetu wenyewe pamoja na mvuke wa chai tuliyochemsha jioni, vimegota kwenye bati la baridi na kugeuka matone. Mwenyeji wangu alicheka tu. "Aliyeniuzia alilitengeneza kwa joto la Dar," akasema. "Hakuweka ile sufi ya kuzuia baridi kati ya chuma na ubao wa ndani. Dar nani anaihitaji?"

Tangu hapo kila anayeniuliza kama anunue nyumba ya kiwandani, namuuliza kwanza anataka kuiweka wapi. Maana nyumba hizi, ziwe za kontena, za paneli zenye povu katikati au za mbao zilizokatwa tayari kwa kuunganishwa, zinasifiwa kwa maneno yaleyale kana kwamba Makete yenye baridi na Mbagala ya Dar ni hewa moja.

Sifa kubwa ni muda, na hiyo ni ya kweli, siibezi. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini kujenga kwa tofali za kuchoma kunafuata majira. Unafyatua mvua zikikatika, kuanzia Mei hivi, unakausha, unapanga tanuru, unatafuta kuni, unachoma, na ukichelewa mvua za Novemba zinakukuta na tofali mbichi zinazorudi kuwa udongo. Hapo bado msingi, kuta, lenta, kupaua, plasta. Pita Uyole, Mafinga au Makambako uone maboma, nyumba zilizoachwa njiani bila bati, mengine yameota miti sebuleni. Nyumba ya paneli, msingi ukiwa tayari, inasimama kwa wiki chache. Ukuta umenyooka kwa sababu umetoka kwenye mashine, na huhitaji kugombana na fundi aliyechukua malipo ya awali akahamia saiti nyingine.

Lakini lile boma lenye miti sebuleni tusilicheke haraka. Boma ni benki ya mtu ambaye pesa yake haiji kwa mwezi. Mkulima wa viazi akivuna vizuri ananunua mifuko ya saruji. Mwaka wa bei mbaya anasimama, na kuta zinamsubiri bila riba. Nyumba ya kiwandani haijui kusubiri. Inataka pesa kwa mkupuo, au sehemu kubwa kabla lori halijaondoka. Huwezi kununua nusu ya kontena mwaka huu na nusu mwakani. Kwangu hapa ndipo penye uamuzi wote, kuliko hata kwenye bei yenyewe, maana bei inayotangazwa mara nyingi ni ya boksi peke yake. Msingi, choo na shimo lake, kuvuta umeme na maji, usafiri, krini ya kushusha, hayo yanakuja baadaye, moja moja, kila moja na risiti yake.

Usafiri wenyewe si wa kupuuzwa. Kontena tupu la futi 40 lina uzito wa karibu tani nne, na kutoka bandarini Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, mlima Kitonga ukiwamo. Barabara kuu italifikisha mjini. Kazi ni zile mita 300 za mwisho. Kama kiwanja chako kiko mteremkoni chini ya mlima Loleza hapa Mbeya, kwenye uchochoro ambao hata bajaji inapiga honi kuomba njia, krini utaipitisha wapi? Paneli na mbao angalau zinabebeka mabegani.

Halafu kuna ardhi. Marekani, ambako nyumba za kiwandani zimekuwa na kanuni moja ya kitaifa tangu Juni 1976, nyumba hizo hujengwa juu ya fremu ya chuma na kuvutwa hadi mahali pake. Wengi wanaozinunua wanamiliki nyumba lakini kiwanja wanapanga, na mkopo wao mara nyingi unahesabiwa kama wa mali inayohamishika, wenye riba kubwa kuliko ule wa nyumba na ardhi pamoja. Kodi ya kiwanja ikipanda, kuihamisha nyumba ni gharama nzito. Kwetu Sheria ya Ardhi ya 1999 inalihesabu jengo lililoshikamana na ardhi kwa kudumu kuwa sehemu ya ardhi. Sasa boksi lililokalia mawe manne, je, limeshikamana? Mwanasheria ana hoja zake. Benki swali lake ni fupi: hati iko wapi? Kama umeweka nyumba kwenye shamba la ukoo lisilo na hata hati ya kimila, kuhamishika kwake ni faida siku ndugu wakianza maneno, na ni hasara siku ukitaka mkopo.

Turudi kwenye baridi. Paneli yenye povu katikati, kwa unene uleule, inazuia joto kutoka mara kumi na zaidi kuliko tofali. Kwa hiyo anayesema paneli ni ya baridi hajailalia. Tofali lina ujanja mwingine: linaota jua kutwa, na siku zetu za Juni na Julai zina jua zuri, kisha usiku linarudisha joto taratibu. Chuma kitupu hakina ujanja wowote kati ya hizi mbili. Na ukiweka sufi na ubao wa ndani pande zote, kontena lenye upana wa mita 2.35 linabaki na mita 2.2 hivi. Weka kitanda cha sita kwa sita, unapita ubavu.

Kinachonitisha kwenye paneli ni jiko la mkaa. Sisi watu wa huku tuna tabia ya kuliingiza ndani usiku. Kwenye nyumba ya tofali yenye mianya chini ya bati, wengi wamenusurika kwa bahati tu. Nyumba ya paneli imezibwa vizuri, na hewa ya sumu ya mkaa, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Tena yale mapovu ya bei nafuu yanashika moto. Anayeuza paneli Mbeya bila kulisema hili, sijui anauza nini.

Nyumba ya mbao nashangaa haitajwi sana, wakati tumekaa juu ya misindano ya msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Mbao ni za jirani, mafundi wapo, na nyumba nyepesi haiangukii watu kama ukuta mzito ardhi ikitikisika. Tusisahau tuko kwenye Bonde la Ufa, na tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilifika ukubwa wa takriban 7.4. Adui ni mchwa na unyevu. Nunua mbao zilizotiwa dawa, zile za kijani kijani, inua nyumba kutoka ardhini, na mabaki usiyachome jikoni, maana kwenye ile dawa mara nyingi kuna aseniki.

Kwa hiyo mimi ningemshauri anayehitaji nyumba ya msimamizi shambani, ofisi ya mradi, au mahali pa kukaa miaka mitano kwenye ardhi ya kupanga, anunue bila kusita. Anayejenga makazi ya familia mjini, mwenye hati na kipato cha kuungaunga, abaki na boma lake.

Rafiki yangu wa Njombe ameshaweka sufi, na kontena halidondoshi tena. Analala humo siku anazosimamia mafundi. Nyumba yake ya tofali iko hatua hamsini kutoka hapo, imefika lenta.