Karo likijaa, nani alipe?

Masika ya mwaka juzi, katika nyumba niliyopanga Mpendae, hapa Unguja, karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, lilijaa. Maji yalianza kurudi chooni, kisha yakatoka uani. Nilimpigia simu mwenye nyumba, mzee mstaarabu ambaye hakuwa akipita bila ya kutusalimia, naye akanijibu kwa upole: "Mwanangu, mimi nilikukabidhi karo tupu. Aliyelijaza nani?" Nikamwambia, ami, tumo watu wanne tu, hata miezi minane hatujamaliza, na mfuniko umepasuka, maji ya mvua yote yanaingia humo. Kila mmoja ana hoja yake, na gari la kunyonya maji machafu linataka fedha taslimu.

Ukiuliza barazani utaambiwa jambo hili jepesi: makubwa ya mwenye nyumba, madogo ya mpangaji. Paa, kuta, nyaya za ukutani na bomba lililofukiwa ni za mwenyewe; balbu, kitasa na koki ya mfereji ni zako. Sina ugomvi na mgao huo, ila hausaidii pale penye ugomvi hasa, kwani kinachogombewa karibu kila mara ni kidogo kilichoachwa kikawa kikubwa. Bati zetu, kwa hewa hii ya chumvi, huanza kula kutu kwenye misumari. Tundu la msumari ni dogo. Liache masika mawili, dari itashuka na swichi ya taa itaanza kudondosha maji. Hapo mpangaji atasema paa si lake, na mwenye nyumba atauliza kwa nini hakuambiwa mapema. Wote wawili wanasema kweli.

Nilikuja kugundua baadaye kwamba jawabu la yule mzee lilikuwa na mizizi kuliko nilivyodhani. Katika fiqhi ya Kishafi, yaani sheria ya dini kwa madhehebu ya Imamu Shafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa visiwa hivi, mwenye nyumba anatakiwa akabidhi funguo, na choo na shimo lake vikiwa vitupu. Vikijaa ndani ya muda wa ijara, yaani mkataba wa kupanga, kauli iliyotiliwa nguvu ni kwamba kuvisafisha ni juu ya mpangaji. Wanazuoni waligawa hata theluji: iliyo juu ya paa ni kazi ya mwenye nyumba, iliyo uani ni ya mpangaji. (Sisi theluji tunaijua ya kwenye friji, lakini weka majani ya mwembe mahali pake, hukumu haibadiliki.) Nyumba yenyewe hutengenezwa na mwenyewe, na mpangaji ni mtu wa amana: kilichochakaa kwa matumizi ya kawaida hakilipi, mpaka awe amezembea au amekiuka. Kwa kipimo hicho, mzee alikuwa na haki nusu. Uchafu wa karo ulikuwa wangu, mfuniko uliopasuka ulikuwa wake.

Lakini fiqhi hiyohiyo ina jambo ambalo wapangaji hatulitaji, labda kwa sababu halitufai kitu. Mwenye nyumba akikataa kutengeneza, mpangaji anapewa hiari: akae na kasoro hiyo, au avunje ijara na asilipie muda uliobaki. Ni silaha nzuri kwa anayelipa mwezi kwa mwezi. Sisi tunalipa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali kashakula chake siku ya kwanza. Ukija kudai kodi ya miezi iliyobaki, fedha zimeshakuwa saruji ya nyumba nyengine, au ada ya skuli. Hiari ya kuondoka imebaki kwenye kitabu. Ndiyo maana naona tunakosea kugombana juu ya orodha ya nani atengeneze nini. Kwanza tuangalie fedha zimelala kwa nani siku kitu kinapoharibika.

Mwenye nyumba naye asionekane mroho tu. Nyumba nyingi za Fuoni na Tomondo zimejengwa tofali kwa tofali kwa mshahara, na ile kodi ya mwaka ndiyo iliyotia madirisha. Kaona wapangaji waliohama usiku na deni. Kaambiwa wataingia wanne, baada ya mwezi wamekuwa tisa, na nepi zinatupwa chooni. Akija kukagua, anaambiwa anapekua nyumba ya watu.

Pagumu zaidi ni nyumba ya urithi. Kodi yake inagawiwa kwa mafungu, mwanamume mawili, mwanamke moja, bila ya kukosea hata shilingi. Bili ya fundi haina fungu. Mrithi mmoja yuko Maskati, mwengine London, mwengine Wete, na ukipiga simu kila mmoja anakwambia, "Zungumza na kaka." Mimi ningetaka gharama za nyumba zitoke kwanza, ndipo kinachobaki kigawiwe.

Mji Mkongwe mambo yamepinduka. Katika nyumba za wakfu huko, mara nyingi kodi ni ndogo na mpangaji kakaa miaka mingi, na kumwambia mwenye mali atengeneze kwa kodi ile ni kumtaka akamue jiwe. Basi mpangaji atengeneze mwenyewe? Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ukizipiga saruji kwa nia njema, unyevu unafungika ndani, na ncha za boriti zilizoingia ukutani zinaoza bila ya mtu kuona. Huko hata ukarabati unataka idhini ya mamlaka ya mji. Tangu sehemu ya Beit-el-Ajaib, lile jumba kongwe la masultani, iporomoke Disemba 2020, nikipita chini ya roshani kuukuu huko nachapua mwendo.

Kwa nyumba za kawaida, mimi ningeridhika na malipo ya miezi mitatu, na mkataba unaosema mpangaji atume picha ya kasoro ndani ya siku kadhaa, la sivyo ukubwa wake unamhusu. Mwenye nyumba naye awe na siku zake, zikipita fundi aitwe na kodi ikatwe. Najua jawabu la wenye nyumba: risiti hupikwa, fundi na mpangaji huelewana. Kweli, hutokea. Basi iandikwe kiwango ambacho gharama ikikizidi haikatwi bila ya mwenye nyumba kukubali, na sheha, mkuu wa serikali mtaani, awe shahidi.

Mimi na mzee tulimaliza hivi: nililipa gari, yeye akaleta fundi wa mfuniko. Mkataba wa mwaka uliofuata ulilitaja karo kwa jina lake. Kodi aliitaka ya miezi sita vilevile.