Niliahidi nitapuliza mikorosho mapema

Jamani naomba niwahadithie hili mwenyewe kabla halijawafikia kwa mdomo wa mtu mwingine, maana huku Tandahimba, Mtwara, limeshazunguka na kila likizunguka linaongezewa chumvi, juzi nimelisikia stendi na ndani yake eti kuna polisi. Hakukuwa na polisi.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa kesho. Mvivu siyo, nikishaanza kazi naifanya mpaka watu wananionea huruma, shida yangu ni kuanza. Mlango wa jiko letu unaning'inia kwa bawaba moja toka Ramadhani ya mwaka juzi na bawaba mpya ninayo, iko dirishani pale, naiona kila siku nikipiga mswaki. Marehemu mzee wangu hakuwa hivi. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe kwa pamoja kwa mnada, ilipoanza msimu wa 2007 wenzake wakiwa bado wanabishana kama ni wizi au siyo wizi, yeye keshapeleka magunia ghalani anadai hela yake. Shamba lake nimerithi mimi, miti sitini, ile haraka yake sijui kaenda nayo.

Sasa kwa wasio watu wa kusini: kuanzia kama mwezi wa sita mikorosho inatoa machipukizi na maua, na hapo ndo linakuja gonjwa linaitwa ubwiriunga. Ni kuvu. Unaamka unakuta maua na majani machanga yamevaa kitu cheupe kama kuna mtu kapita usiku akiyamwagia unga, baada ya hapo maua yanakauka na korosho huna. Hilo neno unga mlishike. Dawa yake tuliyokua nayo ni salfa, ile ya vumbi, robo kilo kwa mti, unabeba mashine mgongoni unapuliza, na lazima uwahi alfajiri wakati umande bado uko kwenye majani ndo salfa inashika na upepo haujaamka. Ukichelewa jua likatoka, salfa yako yote inaenda kwa jirani na jirani hata asante hakupi.

Mi kila mwaka nachelewa. Basi mwaka jana nikasoma kwenye simu kuwa ukitaka kuacha tabia ya kuahirisha mambo, tangaza ahadi yako mbele za watu, utaona aibu kurudi nyuma. Nikaona hii nzuri, na haina gharama. Jioni nikaenda kijiwe cha kahawa nikasimama, nikasema msimu huu miti yangu itapulizwa kabla ya miti ya mtu yeyote, na nisipofanya hivyo mniite jina lolote mtakalo. Wazee wakaguna. Mzee jirani yangu, ambaye namwita njomba ingawa si mjomba wa damu, akaniuliza, "Njomba, na ule mlango wa jiko?" Watu wakacheka, mi nikanunua kahawa ya wote kuua soo.

Salfa ya ruzuku ikatoka, nikabeba viroba vyangu nikaviweka chumbani pembeni ya kitanda ili kila nikiamka nivione. Hii nayo nilisoma kwenye simu. Wiki ya kwanza navitazama. Wiki ya pili nimevizoea, naning'iniza suruali juu yake. Wiki ya tatu mama watoto akasema hawezi kulala na harufu ya kiberiti kama yuko jehanamu, akavitoa. Akaniambia kabisa, "Baba, salfa yako nimeipeleka banda la mbuzi, umesikia?" Mi nilikuwa naangalia mpira kwenye simu, nikajibu ndiyo mama nimesikia. Kusikia nilisikia kweli, ila hakikuingia.

Pale palipotoka salfa yeye akaweka unga wa muhogo. Siyo unga wa kula nyumbani huo. Mtoto wa kaka yake alikuwa anatolewa unyagoni Jumamosi, na sisi tulipangiwa kuchangia unga, mwanamke wa watu kamenya muhogo, kaanika makopa, kafukuza kuku, kabeba mpaka mashineni kusaga, kurudi kaweka kwenye kiroba kile kile cha rangi ile ile, maana huku kwetu viroba vyote baba yao mmoja.

Jumatano jioni njomba akapita uani kwangu akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Mi kesho kutwa napuliza." Basi. Hakuongeza neno, alikunywa maji akaondoka. Nikahisi joto mpaka kwenye masikio. Usiku huo huo nikakimbilia kuazima mashine kwa shemeji, nikategesha alamu tatu, ya tatu nikaiweka ndani ya sufuria ili ipige kelele zaidi.

Nikaamka saa kumi kasoro. Aisee niliamka! Sikuamini. Umeme umekatika, simu ina chaji asilimia sita, nina mafua ya kufa mtu, Tandahimba mwezi wa saba asubuhi ni baridi na ukungu, pua zote mbili zimeziba na juu yake nimejifunga kanga ya mama watoto usoni kujikinga na salfa. Nikanyata chumbani nisimwamshe (nilitaka akiamka akute kazi imeisha), nikapapasa pembeni ya kitanda, kiroba kile hapo, nikakitia begani huyo shamba.

Niwaambie ukweli, ile kazi niliifurahia. Mashine inanguruma, mimi mwenyewe porini, nawaza hawa wa kijiweni leo wataniambia nini. Nikaona mbona salfa ya mwaka huu laini inatoka vizuri haikwami kabisa, nikasema moyoni kumbe serikali imeboresha. Mti wa kwanza, wa pili, wa kumi. Najaza naendelea. Nilifika mti wa thelathini na kitu hivi ndo mwanga ukaanza kuja.

Salfa ni ya njano. Kila mtu anajua. Na shamba langu lote lilikuwa jeupe.

Nikaangalia mikono, mieupe. Kanga nyeupe. Nikashusha kanga nikagusa jani, umande umeshachanganyika na ule unga umekuwa uji, nikaonja. Muhogo. Na umesagwa vizuri, sifa ya mwenye sifa apewe.

Miguu ikaisha nguvu. Nikaona dawa ni kuwahi nyumbani nijifikirie huko. Kwenye njia nikakutana na akina mama wawili na ndoo zao wanaenda kutafuta maji, mi kwa adabu niliyofundishwa nikasimama pembeni nikasema "shikamoo mama." Mtu mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, ana kitu kikubwa mgongoni, anatoka kwenye ukungu, anakusalimia kwa sauti ya mafua. Ndoo moja mpaka leo haijulikani ilikoangukia.

Zile kelele ndo zikamleta njomba akiwa anatoka swala ya alfajiri. Yeye hakuniona, mi nilikuwa nimechutama nyuma ya kichuguu. Aliona miti. Akashika kichwa, akapaza sauti kijiji kizima wakasikia, "Ubwiriunga! Ubwiriunga umeingia! Sijawahi kuona wa namna hii toka nizaliwe!" Ndani ya nusu saa watu wamejaa shambani kwangu, mmoja anasema miti ikatwe ichomwe kabla haijaambukiza, mwingine anasema waitwe wataalamu wa utafiti wa korosho kutoka Naliendele, mi bado niko kwenye kichuguu na siafu wamenipata.

Bwana shamba akaja na pikipiki. Akatazama tawi, akakwangua kwa kucha, akanusa. Akaweka kwenye ulimi. Akafikiri. Akaweka tena. Halafu akauliza, "Nani jana kapika ugali hapa?"

Na mama watoto alikuwa amefika nyuma yake, na kiroba kitupu amekiokota kwenye mti wa ishirini hivi. Hakusema kitu. Alitazama kiroba, akatazama miti, akatazama kichuguu moja kwa moja, sijui alijuaje.

Unga wa unyago nilinunua dukani, kwa hela yangu na nyingine ya kukopa. Jumamosi ngomani kina mama wakatunga wimbo papo hapo, sitaki kuutaja maneno yake, ila wari wenyewe waliokuwa wameambiwa wainamishe macho walicheka mpaka wakashikwa mabega. Mbuzi wa jirani waliyafyeka matawi yote ya chini, yamekolea mboga.

Salfa yenyewe niliipuliza asubuhi iliyofuata, miti yote sitini, nikawa wa pili baada ya njomba. Ila kabla ya kuwasha mashine niliilamba kwanza kuhakikisha, jamani msijaribu.

Jina kijiweni wameshanipa, mnalijua. Na dukani nikiagizwa unga yule kijana muuzaji hanipimii mpaka aniulize, "Ubwiriunga, huu wa kula au wa kupuliza?"